Mafuta ya Mnyama Gani?

Mwabungo,
Kwa njia ya Posta ya Msambweni,
16 Machi 1958

Mpendwa ndugu yangu Abdurahman,

Assalamu alaykum. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, ingawa ilichelewa njiani. U hali gani na baridi ya Uingereza? Kifua kimepoa? Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti tu, ulimi wake mzima kabisa.

Barua yako ilisomwa barazani kama ada, majirani wote wamekaa. Niliisoma mimi. Nilipofika kwenye hiyo DNA, hicho kitu kilichomo ndani ya chembe za mwili, kinachompa mtoto pua ya babake, watu waliacha hata kutafuna tambuu.

Mimi nimebaki na maswali. Umesema nyama yenye mafuta ndiyo inayowasumbua huko maabarani: mafuta yasipotolewa kwanza kwa spiriti na etha, maji hufanya ukungu, na ile rangi ya buluu mnayoipima ili kujua kiasi cha DNA huwadanganya. Hapo nimeelewa, maana hata chungu cha tui hakitakati kwa maji matupu. Lakini mkiyatoa mafuta, mnajuaje kwamba hamkuimwaga na DNA pamoja nayo? Na uzani mnaouhesabu ni wa nyama ilipokuwa mbichi, au iliyokwisha kutolewa mafuta? Maana donge la mafuta ni zito, na chembe zake, umesema mwenyewe, ni chache. Nijibu, usinifanye mtoto.

Sasa nije kwa lililonikalisha kitako. Nilipomaliza kusoma, Mzee Chande, mkweo mtarajiwa, aliuliza, "Mafuta ya mnyama gani?" Nikaipekua barua yote. Umeandika "mnyama", basi. Mama akasema ni kondoo, lakini alisema kwa haraka mno.

Tangu siku hiyo Mzee Chande haji kwetu, na maneno ya harusi ameyasimamisha. Anasema hatamwozesha Chiku kwa mtu anayeshika nguruwe, na anangoja asikie kwako. Abdurahman, naogopa. Huyu binti nimekwisha kumpenda. Andika kweli, hata ikiwa ndiye huyo nguruwe. Ukidanganya nitajua, na sitakusitiri.

Mama anakusalimu sana, na mjomba Sefu, na Dama wa Bodo, aliyejifungua salama mtoto wa kiume.

Chiku peke yake hakutuma salamu. Jana jioni alipita mlango wa nyuma, babake asijue. Nikadhani ameniletea machozi. Kumbe ameleta udongo mkavu, ameuchekecha mwenyewe na kuufunga katika kitambaa. Nimeutia humu.

Amesema, "Wifi, mwambie kama ni nguruwe, na aoshe mikono mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa katika chuo cha Kurani. Udongo wa huko siujui. Atumie huu, kisha arudi."

Mola akuhifadhi, akufungulie kazi yako na njia ya kurudi.

Wako akupendaye,
dada yako Mwanatumu