Majani ya Kibanjani

Kemilembe mjukuu wangu,

Hapa Muleba hatujambo, na ng'ombe wa shangazi yako amezaa. Unauliza kwa nini sitaki majani makavu yaondolewe kibanjani, chini ya migomba.

Wakati wa Mwingereza nilimwoa bibi yako kutoka Bukoba mjini. Siku zake za mwanzo hapa alifagia kibanja kama ua, mpaka udongo ukabaki wazi juani. Mama yangu hakumgombeza. Aliyarudisha majani taratibu, akamwambia, "Mwanangu, baba mkwe wako tumemzika humu. Ukifagia, unamvua shuka."

Tangu hapo bibi yako alikitunza kibanja hiki, nacho kikatulisha sote.

Sasa naye amelala humo. Ukija likizo, tumfunike pamoja.

Babu yako