Hadithi Yako Ilifika Kibombo

Papa,

Kama umesimama, kaa kwanza. Mimi mwenyewe nimekaa tangu juzi. Ile hadithi yako ya Bi Safi, mwanamke anayefagia gare, stesheni ya treni, kila asubuhi wakati treni haiji tena, ile uliyoipeleka kwa mchapishaji Lubumbashi wakati wa vita na hatukuisikia tena, haikupotea. Nimeiona. Hapa hapa Kindu, mikononi mwa mtu nisiyemjua.

Ngoja nieleze pole pole, maana nikieleza mbio nitalia tena.

Tangu uende, watu hawajaacha kuja nyumbani. Wanauliza lile buku lako kubwa la hesabu, ulilotoka nalo kazini kwenye reli, lile ulilojaza mambo yote ambayo mwenye kutaka kuchapishwa anapaswa kujua: anwani za wachapishaji, padri yupi anasoma kazi ya mtu bila kumcheka, pembeni pa karatasi uache nafasi gani, barua ya kusindikiza iseme nini na inyamazie nini. Bado wanakumbuka ulivyowaambia, "Kwanza upatie muntu asiyekupenda asome." Wengine walikasirika wakaondoka, halafu wakarudi. Sasa mimi njo ninalitunza. Ninawasomea ukurasa wanaoutaka, kwa sababu nusu ya muandiko wako hausomeki, na wewe unajua.

Basi waliponialika kwenye mafunzo ya waandishi, pale ukumbi wa parokia, nilienda na buku lako kwenye mfuko. Mkufunzi alikuwa mama mmoja kutoka Bukavu, mpole lakini hapotezi dakika. Alitupa majina ya wachapishaji wanaopokea Kiswahili, mashindano ya hadithi, vikundi vya kwenye simu ambako watu wanasomeana kazi na kukosoana. Nilikuwa ninaandika kwa furaha, ninajaza kurasa zako zilizobaki tupu. Kisha akasema: usitoe kazi yako bila kubaki na nakala, na jina lako liandike kila ukurasa, si wa kwanza tu. Hapo kalamu ya biki ikasimama mkononi mwangu. Nilijua kwa nini, lakini nikajifanya ninatafuta kitambaa.

Baada ya chakula kila mtu alisoma kidogo alichokuja nacho. Akasimama mwalimu wa Kibombo, Mama Feza, mwanamke mnene mwenye sauti ya darasani. Akasema shule yao imekusanya masimulizi ya watu wa kwao, kitabu kidogo kinaingia mashineni wiki hii, na atasoma lile wanalolipenda kuliko yote, ambalo mtunzi wake hajulikani. Akafungua. "Treni haikuja, lakini Bi Safi alifagia, kwa sababu vumbi lilikuja."

Papa, nilisimama. Sentensi ya pili niliisema kabla yake. Na ya tatu. Watu wakageuka kuniangalia, Mama Feza akaacha kusoma, na mimi nikaendelea peke yangu mpaka pale Bi Safi anapogombana na mbuzi. Kumbe yote ilikuwa bado ndani yangu.

Unakumbuka tulivyoiandika. Miwani yako ilivunjika tulipokimbia ng'ambo ya mto, na huku nyuma walioingia nyumbani kwetu waliwashia moto karatasi zako. Ulianza upya kwa kichwa. Ukawa unasema, mimi ninaandika kwenye kaye mbili, madaftari ya shule, nina miaka kumi na tisa na mikono imejaa kazi nyingine. Posta imekufa, treni imekufa, iko tu wale wanaume waliosukuma baiskeli za chumvi kufuata reli mpaka Kibombo na mbele. Mmoja wao, Papa Kalume, alikubali kubeba. Nilitaka kufunga bahasha, ukanikataza, ukanikumbusha desturi. Kitu kinachobebwa kwa hisani ya mtu hakifungwi. Ukikifunga umemwambia mbebaji kwamba humwamini, na kila anayekipokea njiani ana haki ya kukisoma na kuandika jina lake juu ya bahasha. Majina yao yote yangekuwa pale juu, lakini lako lilikuwa kwenye karatasi moja tu ya mbele.

Hapa njo ninapotaka unisikilize. Ulisema, "Andika jina langu kila ukurasa, mama." Nilisema nimeandika. Sikuandika. Wino ulikuwa unaisha, Papa Kalume alikuwa anafunga mizigo yake, na nilijiambia, nani ataiba hadithi ya karani wa reli? Wewe hukuweza kuona. Ulipapasa kaye, ukatabasamu, ukazitia kwenye bahasha.

Pale ukumbini mkufunzi aliniuliza kwa adabu kama nina ushahidi. Nikaomba kuiona ile wanayonakili. Mama Feza akatoa kitu kwenye mfuko, kimefungwa ndani ya kitenge. Kaye mbili, pembe zimeliwa, na ndani yake muandiko wangu mimi, zile herufi zinazolalia kushoto ambazo ulikuwa unazicheka. Nikachukua chaki nikaandika sentensi ya kwanza ubaoni. Mama Feza akaisogeza kaye karibu na ubao. Hakuna aliyebisha.

Halafu mtu mmoja akauliza, kama ni ya baba yako, mbona hakuna jina? Kulikuwa na njia rahisi ya kujibu. Karatasi ya mbele ilikuwa nalo, na kwenye kaye haipo tena, na hiyo ni kweli. Ningesema hivyo tu ningekaa. Lakini nilikuwa nimebeba buku lako mkononi, buku la mtu aliyefundisha Kindu nzima namna ya kulinda kazi yake. Nikawaambia alinituma kuandika jina na mimi nikamdanganya. Nilisema mbele ya watu ambao kesho watakuja nyumbani kuniomba ushauri.

Mama Feza akakaa chini. Akatueleza kwamba Papa Kalume alifika Kibombo na homa, akamwachia yeye Mama Feza bahasha ili ampatie mwingine anayeenda kusini. Hakuna aliyeenda. Risasi zikaanza, Mama Feza akakimbilia msituni na watoto wa majirani, bahasha ikiwa kifuani. Mvua ikala bahasha na karatasi ya mbele kabla hajaisoma. Kule hapakuwa na kitabu kingine chochote. Akawafundisha kusoma kwa kaye zako, Papa. Miezi yote ile, Bi Safi na ufagio wake. Na waliporudi mjini wakaendelea, na watoto wa wale watoto wako na hadithi hiyo leo darasani. Akaniambia, "Tulizani mwenyewe alikufa zamani, tulikuwa tunamuombea."

Nikapiga hesabu ya miaka. Ulikuwa hai. Ulikuwa umekaa mbele ya nyumba, unawaelekeza wengine mahali pa kupeleka kazi zao, na Kibombo si mbali. Treni ilirudi, ikapita mara ngapi. Jina lako lingekuwa kwenye ukurasa mmoja tu uliobaki, wangekuandikia. Sijui nitaliweka wapi jambo hili. Mama kule nyumbani anasema nisijiue kwa mawazo, lakini hata yeye aliposikia aliingia ndani akafunga mlango.

Kitabu kinatoka na jina lako. Walinipa ule mfano wa kusahihisha na nimeusoma mara mbili; wamekosea tu jina la mbuzi. Shule ikifunguliwa nitapanda treni kwenda Kibombo, nisimame mbele ya darasa, niwaambie wewe ulikuwa nani, ulicheka namna gani, na kwa nini hawakukujua. Hilo nakuahidi, hata nikiona haya.

Asubuhi ile ya mwisho hospitalini uliniuliza kama Lubumbashi wamejibu. Nikasema bado. Ukageukia ukuta ukasema, "Basi haikuwa nzuri."

Papa, ilikuwa nzuri. Lala sasa.

Binti yako,
Zaituni