Mahali pa Kukusanyika

Nyantakara, Biharamulo
2 Septemba 2024

Kwa baba,

Shikamoo. Habari za Murusagamba, na mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mzima, ila vumbi la huku limenipa mafua.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu unanisikia nusu. Barua hii anakuletea Elick, anayefuata maharage huko na lori lake. Baba, shuleni tumeunda kamati ya maafa, na mimi ndiye katibu. Tupo na mwalimu mkuu, muuguzi wa zahanati, mwenyekiti wa kitongoji, mzazi mmoja aitwaye mzee Wiston, na Happyness wa darasa la saba kwa niaba ya wanafunzi. Tumeshakubaliana kwamba kukitokea moto, upepo au radi, kengele ikigongwa mfululizo watoto wote watakimbilia chini ya mkaratusi mkubwa ulioko uwanjani. Shina tumelipaka chokaa ili hata wa darasa la kwanza waujue.

Wewe ulikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule nilipokuwa mdogo. Tumesahau nini?

Binti yako,
Tecla

Murusagamba, Ngara
19 Septemba 2024

Mwanangu Tecla,

Marahaba. Mama yako anatembea, juzi amefika hadi shambani. Migomba imebeba vizuri mwaka huu. Kunywa maji ya moto na tangawizi.

Mambo ya kamati niliyaacha zamani, sina cha kukufundisha. Ila watoto wasipelekwe chini ya ule mti. Usiniulize sababu.

Baba yako

Nyantakara
6 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru Mungu kusikia mama ameanza kutembea. Mafua yameniisha.

Nilipeleka neno lako kwenye kikao. Mzee Wiston akaniuliza, "Sababu ni nini?" Nikasema baba hakuitaja. Akacheka. "Mwalimu, mti tumeshaupaka chokaa, watoto wameshaufanyia mazoezi mara mbili. Tuufute kwa sababu baba yako hataki?" Muuguzi peke yake ndiye aliyeniunga mkono, akasema mti mrefu huvuta radi. Wakamjibu kuwa mti ule umesimama tangu enzi za babu zao. Tulipopiga kura, tulishindwa.

Mvua zimeanza huku, baba. Najua umeniambia nisiulize. Nauliza.

Binti yako,
Tecla

Murusagamba
9 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Najua nimekuweka mwezi mzima. Barua hii nimeianza mara nne, na mama yako ndiye aliyenikalisha chini niimalize.

Mwaka 1998, wewe ukiwa na miaka minne, nilikuwa shuleni hapa Murusagamba kukagua madawati. Upepo ukaja na mvua, bati zikawa zinapiga kelele, nikaogopa zitawaangukia watoto. Walimu wakaniuliza, "Mwenyekiti, tufanyeje?" Nikasema watoeni nje, wajikinge chini ya mkaratusi uliokuwa uwanjani, kama huo wenu. Mimi mwenyewe niliwashika mikono wale wadogo. Radi ikapiga. Nilipoamka sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Wawili hawakuamka: Novatus, na Aline, binti wa jirani yetu Priscila.

Hilo silo ninaloshindwa kulisema. Watu walisema ni radi ya kutumwa, wakamtaja mzee Ndikuriyo, kwa kuwa alikuwa amegombana na baba yake Novatus kuhusu mpaka wa shamba. Walimfukuza. Nilimwona akipita na godoro juu ya baiskeli, mke wake nyuma amebeba sufuria. Kati ya wenyeji, mtu mmoja tu alijua watoto walikuwa chini ya mti kwa amri ya nani na alipaswa kusema pale pale. Nilinyamaza. Walimu wale walikuwa wageni, wakahamishwa, nao wakanyamaza.

Isome barua hii kwenye kikao. Yote, na jina langu ulitaje.

Baba yako,
Nduwayo

Nyantakara
24 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya mama. Mimi mzima, na watoto wote wazima.

Niliisoma. Nilipofika kwenye godoro, muuguzi akanipokea karatasi akamalizia.  Kisha mzee Wiston akauliza, "Nani ana panga? Tukalikwangue lile shina." Tukaamua kwamba kukiwa na radi watoto wabaki ndani, kwenye madarasa mapya, milango ifungwe, wakae mbali na madirisha. Uwanjani ni kwa ajili ya moto tu, tena mbali na mti.

Alhamisi ngurumo zilianza wakati wa mapumziko. Darasa la kwanza na la pili wakakimbilia mtini kama tulivyowazoesha. Happyness akawakata mbele, mikono ameitanua, anapiga kelele, "Darasani! Darasani!" Wakageuka. Tulikaa ndani saa nzima, wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Mti haukupigwa, baba. Hakuna kilichotokea. Mvua ilikatika, nikawahesabu mlangoni, mia tatu na kumi na wawili, wakaenda nyumbani.

Sikukasirikii. Nilitaka ulijue hilo kabla hujauliza.

Binti yako,
Tecla

Murusagamba
14 Desemba 2024

Mwanangu Tecla,

Marahaba mara nyingi. Barua yako mama yako aliisoma kwa sauti mara mbili, karibu na sikio langu zima.

Nilikwenda kwa Priscila kwanza. Alinisikiliza, akaingia ndani akafunga mlango. Siku ya tatu alikuja mwenyewe. Akasema, "Ndikuriyo yuko hai. Yuko Mbuba, kwa binti yake Deodata."

Nikaenda. Amezeeka, haoni vizuri. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama uani, kwa kuwa hakunikaribisha kiti. Akaniuliza, "Umekuja na nani?" Nikasema peke yangu. Akasema, "Mimi sikufukuzwa na mtu mmoja. Rudi uje nao."

Jumapili baada ya misa niliomba ruhusa ya padri nikasema mbele ya wote. Wengine walitoka nje. Baba yake Novatus alibaki amekaa, ameinamisha kichwa, kisha akasema ataenda.

Mpaka leo tumefika watu tisa. Tunaondoka kesho asubuhi. Priscila amesema yeye ndiye atakayebisha hodi.

Baba yako,
Nduwayo