Magesa, Landrova Yako Haikatwi

Magesa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo usitegemee salamu.

Kwanza umekufa vibaya. Oili ya Landrova ulikuwa unaipimaga kila asubuhi, unachomoa stiki, unaifuta kwa shati, unaichungulia kama daktari. Presha yako mwenyewe ukakataa kupimwa. "Presha ni ya watu wa ofisini." Haya, ofisi yako iko wapi sasa?

Pili, ubishi wetu umeuacha katikati. Mtaa mzima wa Kitaji sina wa kubishana naye! Musoma mpaka Bunda kwenye lami, gari yangu Pijo ilikuwa inakuacha mpaka nafika hotelini Kabasa, naagiza samaki sato, namaliza, nachokonoa meno, ndiyo na wewe unatokea unanguruma kama trekta lililomeza mawe. Unashuka mgongo umepinda na bado unajigamba: "Yako ya harusi, yangu ya kazi." Unamwambia nani? Mimi niliyefika Kampala na Mombasa!

Siku ya kukuzika ndugu zako wakasema ubebwe na Pijo, springi zake laini, marehemu asirushwerushwe. Nikaiosha mpaka matairi. Kutoka mochwari Musoma mpaka Makutano tuliteleza kama tuko hewani, nikakwambia kimoyomoyo, unaona? Tukaacha lami kuja kwenu Butiama, na mvua ilikuwa imeshafanya kazi yake. Pale bondeni, nyumba yako inaonekana kabisa, Pijo ikazama mpaka bampa. Wamama wakaacha kulia wakaanza kusukuma. Wapi. Mdogo wako Wambura akakimbilia nyumbani, akaja na Landrova, akatufunga mnyororo, akatuvuta. Magesa, umenishinda ukiwa umelala! Nilicheka na kulia pamoja, padri akanikata jicho.

Sasa sikia. Kwenye kikao cha kugawa vitu vyako, Wambura huyohuyo akasema Landrova ni yake, ataiuza ikakatwe vyuma chakavu, atafute gari ya kukimbia. Mbele ya mkeo, shemeji Nyangeta! Pamba yake itatokaje shambani, kwa kichwa? Wazee wakainama: mdogo mtu ana haki yake. Haki! Nikasimama, mimi niliyeishia darasa la sita.

"Wambura, unakata gari iliyomfikisha kaka yako kaburini?"

"Kaka, mimi nataka gari, sitaki kumbukumbu."

Damu ikanipanda. Mkono ukaitangulia akili, nikamrushia ufunguo wa Pijo. Chukua! Ya kukimbia si hiyo? Landrova inabaki kwa shemeji, na wazee ni mashahidi. Nilirudi Musoma nyuma ya bodaboda, mtu mzima mimi, nimekumbatia kiuno cha mtoto wa watu.

Nimeshaanza kumfundisha shemeji kuendesha, kila asubuhi nakuja kwenu kwa daladala. Amegonga banda la kuku. Kuku wako wanakusalimu, waliobaki.

Na nimekwenda kupima presha. Iko juu. Ni wewe, na mdogo wako. Lakini dawa nitameza kila asubuhi, nikishapima oili ya Landrova, nakuahidi, maana sitaki kukufuata huko nikute umeshawaambia wote kwamba ulinivuta.

Lala, ndugu yangu. Kwenye matope umeshinda, nimekubali, sitabisha tena.

Kwenye lami nilikuwa nakuacha.