Kisu Nilichokinyima Moto

Jumanne, 5 Machi
Jioni nyingine kwenye kisu kilekile. Mkono unauma, makali bado. Nimenyoa vichwa mchana kutwa, nikafunga saluni, nikakaa tena na bamba la almasi la kunolea. Chuma hiki kina kiburi. Visu vingine vinapata makali kabla chai haijachemka. Hiki kinaniangalia tu.

Nilikipata Jumamosi sokoni Bukoba, kwenye lundo la spana na bisibisi za mtumba. Kisu cha kukunja, mpini mweusi, kutu hakuna. Kila wiki napindua visu pale kusoma maandishi madogo kwenye bapa. Muuzaji anajua aina mbili tu: kikubwa na kidogo. Kwenye hiki nikaona jina la kile chuma ambacho nimekuwa nikikisoma kwenye simu, kile kisicholika upesi. Moyo ulinidunda kama wa mwizi. Nililipa bila kupatana, naye akanitazama kwa mashaka.

Ijumaa, 8 Machi
Kimekubali! Kinanyoa nywele za mkono bila kuvuta. Nimekimalizia kwenye mkanda wa ngozi wa wembe. Nimekata gazeti zima vipande vipande, wateja wakanicheka. Mmoja kasema sasa nianze kunyoa kuku. Nina furaha ya kitoto. Kwaresima hii nimeacha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Majivuno sikuyaacha.

Jumapili, 10 Machi
Maruku, kwa binamu Kaijage. Baada ya misa tukaingia kibanjani, kwenye shamba lake la migomba, nimwonyeshe kisu. Nilipogoa majani, kila kikonyo pigo moja. Raha tupu. Mgomba mmoja ulikuwa na majani ya njano, yamelegea. Kaijage alisema ni jua. Jua gani na mvua hii? Sikuuliza. Nilikuwa nakata.

Bwana shamba ameshatuimbia sote: ugonjwa wa mnyauko unasafiri kwa panga na kisu, kwa hiyo chuma kipite motoni kabla hujagusa mgomba mwingine. Kwa panga, sawa. Lakini chuma hiki ukikitia motoni umekiua, ugumu wake wote unatoka. Nilikifuta kwa kitambaa, nikakipaka mafuta, nikakikunja. Inatosha.

Jumapili, 17 Machi
Kishanda, kwa Mama. Siriaki alikuwa ameshawasha moto pembeni mwa kibanja, panga lake ndani, kama kawaida yake. Alikuja zamani kutoka Ngara kuvuna kahawa, hakurudi. Ndiye anayemchotea Mama maji. Kwa jinsi magoti ya Mama yanavyouma, ndiye anayemshika mkono kwenda kanisani.

Akaninyooshea mkono. "Kaka, lete na hicho."

Nikacheka. Nikamwambia kisu hiki si cha kuchomwa kama muhogo. Akarudi kwenye panga lake.

Nilipogoa migomba ya nyuma ya jiko, ile aliyoipanda Baba. Mama alisimama mlangoni, akasema nakata kama marehemu. Kisha akakitaka akijaribu kwenye jiwe lake la kunolea. Kikateleza tu. Akanirudishia: "Kisu gani hiki hakitaki jiwe la nyumbani?" Nimerudi mjini nikitabasamu.

Ijumaa, 12 Aprili
Kaijage kapiga simu. Mnyauko. Anang'oa. Ulianzia kwenye mgomba ule wa njano.

Nimekaa kwenye kiti cha wateja, nikafungua kisu, nikachokonoa kwa sindano pale kinapokunjika. Utomvu mweusi umejibana ndani. Makali yanang'aa, uchafu uko kwenye kikunjo.

Jumamosi, 13 Aprili
Nimemkata mteja sikio. Kidogo tu, lakini ameondoka amenuna.

Nimempigia Mama. Anasema migomba miwili nyuma ya jiko imelegea, ni upepo. Nikasema ndiyo, upepo. Naogopa.

Jumapili, 14 Aprili
Si upepo. Siriaki alikata shina moja, usaha wa njano ukatoka. Migomba ya Baba, ileile niliyoipogoa. Mikungu imeiva kabla ya wakati, ndani imeoza.

Kaka Projest alinitangulia kufika. Yeye ndiye mrithi wa Baba, neno lake ndilo la mwisho pale. Akauliza ni panga la nani lililoleta balaa hili, na jibu hakulingoja. Amesikia kwamba Siriaki alifanya kibarua kwa jirani mwezi uliopita. "Jumapili ijayo nisimkute hapa. Waitu Mama, huyu amekuua kwa njaa."

Mama alilia bila sauti. Siriaki alisema panga lake linapita motoni siku zote. Projest akamwambia anyamaze. Siriaki akanitazama, mara moja tu, kisha akatazama chini. Kisu kilikuwa mfukoni mwangu. Nilinyamaza. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 18 Aprili
Labda ni nyuki. Wadudu nao hubeba mnyauko, bwana shamba mwenyewe anasema. Labda mbuzi wa jirani. Siku nzima nimejitetea mbele ya kioo huku nikinyoa watu.

Na mashine nikaipaka spiriti kila kichwa, kama ninavyofanya siku zote. Mteja akiniona nimesahau, anagomba. Kichwa cha mtu nisiyemjua nakilinda. Kibanja cha mama yangu nimekiponza kwa kuonea kisu uchungu! Najichukia.

Nikisema, Projest hatanisamehe, namjua. Nisiposema, Siriaki anaondoka kwa kosa langu na Mama anabaki peke yake na magoti yake. Wala hakuna cha kupima hapo. Mdomo tu ndio mzito.

Jumapili, 21 Aprili
Nimesema. Siriaki alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, ameuegemeza mlangoni. Nikaweka kisu mezani, wazi. Nikasema kilikata nini Maruku na kilikata nini hapa. Nikasema Siriaki aliniomba nikitie motoni, nikamcheka.

Projest akatoa neno la Kihaya ambalo siliandiki humu. Akasema nisikate tena hata jani kwenye kibanja cha Baba maadamu yeye yu hai. Nikasema sawa. Kwa Siriaki hakuomba radhi. Alipanda pikipiki yake akaondoka bila kunywa chai.

Mama hakunitazama. Alimwambia Siriaki, "Fungua huo mfuko, nyumbani hakuna maji." Siriaki akachukua dumu, akaenda kisimani. Mimi nilibaki nimekaa kama mgeni ambaye hakualikwa.

Jumapili, 5 Mei
Migomba ya Baba haipo. Siriaki ameimaliza, tumeifukia. Mimi nilibeba tu, sikukata. Nyuma ya jiko kuna mwanga ambao sijauona tangu nizaliwe. Mama atapanda maharage hapo. Bwana shamba amesema migomba isirudi kwanza.

Moto wa Siriaki ulikuwa unawaka pembeni. Nikampa kisu. Hakusema, "Nilikwambia." Alikilaza kwenye makaa kando ya panga. Kikawa chekundu, kikatoka na rangi ya bluu, mpini umeungua upande mmoja. Nilidhani nitaumia zaidi.

Mama alikiomba. Amekaa kizingitini mwa jiko na jiwe lake, lile lililobonyea katikati. Akakisugua. Safari hii kilishika, nikasikia sauti ya chuma kulika. Akaanza kumenya ndizi. Za kununua, za sokoni Muleba. Sijapata kumwona Mama akila ndizi ya kununua.

Alimenya chache, makali yakaisha. Akanoa tena, akamenya tena. Halafu akanisogezea beseni na kisu. Projest alikataza kibanjani. Jikoni hakukataza. Nimekaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, nimemenya mpaka beseni likajaa.