Machela Iliyokaa Darini Kwangu

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia Jumanne. Nakusalimu wewe, shemeji, na wote waliosalia hapo nyumbani. Magoti yako yanaendeleaje? Yangu yamegoma, ngazi za jengo hili nazipanda kwa mapumziko mawili, nikijifanya nasoma matangazo ukutani. Macho nayo yananipa ukurasa mmoja kwa siku, kisha yanafunga duka.

Unasema chama cha akina mama kimefufuka: wamebaki saba kati ya arobaini, gari bado halifiki, na wajawazito bado hubebwa begani hadi zahanati. Nimecheka kusikia mwenyekiti ni Mama Haraka, yule tuliyempa jina hilo kwa kuwa hata konokono angemsubiri. Amewaambia wenzake nirudi nikae na machela mpya, maana hakuna aliyeitunza ile ya zamani kama mimi.

Niliitunza kweli. Ilikuwa turubai na miti miwili tu. Niliiweka darini juu ya meko ili moshi ufukuze mchwa, na kwa kanuni ya chama mlango wangu haukutiwa kufuli, usiku wala mchana, ili mwenye shida aingie bila kubisha. Wanne walibeba, wanne waliwapokea darajani, na mmoja kazi yake ilikuwa kumdanganya mgonjwa kwamba tumekaribia. Nusu ya watoto wa kijiji walianzia safari humo.

Sirudi, mdogo wangu. Na sababu si magoti.

Kwa miaka ishirini na sita umeamini machela iliungua na nyumba yangu siku ile kijiji kilipovamiwa, mimi na mume wangu tukakimbia. Haikuungua. Asubuhi hiyo mwanao, ambaye ni mwanangu pia, alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Nilijua, jirani alipita akaniambia akina mama wanakuja kuichukua machela. Nilipoingia ndani, mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ameshaishusha. Nilimwambia hiyo si yetu. Akanijibu, "Leo kila mtu abebe chake." Nikashika upande wa pili.

Ni wewe uliyeniandikia kwamba akina mama walikuta nyumba inawaka, wakambeba kwa blanketi, likapasuka njiani. Na kwamba mliwazika yeye na kichanga pale pale. Nilikujibu kwa kurasa nne za pole. Sikuandika hili.

Juu ya machela hatukumlaza mtu. Tulifunga cherehani na meza yake ya chuma. Cherehani hiyo ninayo mpaka leo. Ndiyo iliyonilisha huku, na magauni yote niliyokutumia yameshonwa nayo.

Wafikishie akina mama salamu zangu, kama utaona zinafikishika. Mama Haraka mwambie utakalo. Mungu akutunze, na usijilazimishe kunijibu.

Ni mimi,
Dada yako