Mtoto wa Jirani Ananifungia Ndani

Shangazi, shikamoo. Naomba unishike mkono maana nimefika mwisho. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni seremala, na mwaka huu tumehamia nyumba yetu wenyewe, milango na madirisha kachonga yeye kwa mkono wake, lakini raha yake hatujaiona kwa sababu ya binti wa jirani, mtoto wa miaka minane, tuliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja tu. Siku za kazi za mama yake, tangu shule zifungwe, anaugonga ukuta huo kutwa nzima, nikishona anagonga, nikiacha anagonga, nami namrudishia kwa mkasi ili ajue sitishiki. Mama yake akiwa mapumziko ndipo anapokuja mwenyewe, anausukuma mlango wetu na kukaza komeo la nje, kisha anasema kupitia tundu la ufunguo, kwa sauti ya mtu mzima kabisa, "Tulia humo. Ukilia nitajua. Narudi jioni." Shangazi, nywele zinanisimama. Jumapili wateja walinikuta napiga kelele ndani ya nyumba yangu, wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama yake ni muuguzi, mpole, hata siku tunahamia alitusaidia kubeba vyombo, ndiyo maana tunaona haya kumwambia mwanawe ana shetani. Mume wangu amekata tamaa, anataka tuipangishe nyumba turudi kwa kaka yake, nami nimemwambia aende peke yake, mimi sihami. Nimfanyeje mtoto huyu?

Fundi Asiyehama

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kukataa kuhama. Nyumba mliyoivujia jasho haiachwi kwa sababu ya mtoto ambaye bado ana mapengo. Na huyo mumeo, seremala mzima, anafunga virago badala ya kushika bisibisi? Komeo la nje liondoke leo, kabla hajala.

Sasa nikuseme na wewe. Umeisikia sauti, maneno hukuyasikiliza. Mtoto wa umri ule hayatungi maneno kama yale, huwa ameambiwa. Nani anamwambia, na lini? Umeniandikia mwenyewe: anagonga siku mama yake yuko kazini, anakuja kwako siku mama yake yuko nyumbani. Mwanangu, mtoto huyo anafungiwa. Kwako anacheza yale anayofanyiwa, na ukuta anaugonga apate kujua kama upande wa pili kuna mtu. Nawe ukamjibu kwa mkasi. Imeniuma kuisoma.

Neno shetani lisitoke tena kinywani mwako. Nendeni kwa muuguzi leo, wewe na mumeo, bila mashtaka, mtoto akiwa hasikii. Mwambie, "Dada, tumejua mtoto anabaki peke yake. Kesho ukitoka, mlete kwangu." Atakana, huenda akalia, pengine hana wa kumwachia na anaona aibu kusema. Msiondoke mpaka akubali. Binti akija, mpe kiti karibu na cherehani na vipande vya kitambaa, na akijaribu tena kukufungia mlango mkemee kama unavyomkemea mwanao.

Mama akikataa, siku hiyo hiyo nendeni kwa viongozi wa mtaa. Najua mnaogopa kukosana naye. Jirani akikununia, mtapatana. Moto ukimkuta mtoto humo na mlango umefungwa, mtapatana juu ya nini?